Wali unaochambuka, hata kama unapikia sigiri (jiko la makaa)

Kabla hujawasha moto jua kwanza mchele wako ni upi, maana hapo ndo wali unapoharibikia, sio kwa sufuria. Mimi nilikuwa nimezoea ule wa Pakistani wa dukani, mrefu mkavu, kikombe kimoja kwa maji vikombe viwili na maisha yanaenda. Siku moja mashemeji wanakuja kututembelea hapa Busia, dada kaniletea Supa, mchele wa kunukia wa Butaleja, mashariki mwa Uganda, wa kule kwenye mashamba ya mpunga ya Doho, umekobolewa wiki hiyo hiyo, unanukia hadi kwenye mfuko, na mimi nikaupimia maji yale yale. Nimefunua nakuta bokoboko, punje zimepasuka na zimeshikana kama uji mzito, na wageni washanawa mikono. Iliniuma sana kwa sababu ule mchele ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kushika, nimeuharibu kwa maji tu. Mchele mpya bado una unyevu wake ndani, hauhitaji maji mengi.

Sasa hivi napima hivi: Supa mpya vikombe 2, maji vikombe 3. Supa uliokaa miezi, ongeza nusu kikombe. Wa Pakistani vikombe 2 kwa maji 4, au 3 na nusu kama umeuloweka nusu saa. Kikombe kiwe kile kile cha mchele na cha maji, usibadilishe katikati. Na ukinunua sokoni muulize muuzaji mchele umevunwa lini, wengi wanakwambia bila shida.

Chagua mawe, halafu osha. Usioshe mara moja ukaridhika, maji ya kwanza yanatoka meupe kama maziwa na huo weupe ni wanga wa juu ya punje, ndo gundi yenyewe inayofanya wali ushikane. Mara tatu au nne, polepole kwa vidole usiuvunje vunje, mpaka uone mkono wako chini ya maji. Uchuje vizuri uache kwenye chujio dakika kama tano, kwa sababu maji yanayobaki nayo yanahesabika.

Chemsha maji peke yake na chumvi kijiko kidogo na mafuta kijiko kimoja kikubwa. Yakitokota ndo unatia mchele, unakoroga mara moja tu mwiko ufike chini, na mwiko unauweka mbali kabisa. Ukikoroga koroga punje zinasuguana zinatoa wanga tena, ile kazi yote ya kuosha imepotea.

Acha uchemke kwa moto mkali bila kufunika mpaka maji yashuke yalingane na mchele, utaona vitundu vitundu juu na mvuke unatoka humo unapumua. Hapo usiende popote, hapo ndo penyewe. Kama ni gesi shusha moto mpaka mwisho. Kama ni sigiri toa makaa mengi, yabaki machache, yafunike na jivu, halafu palia, yaani yale uliyotoa weka vipande vitano sita juu ya mfuniko wa bati ili joto litoke juu na chini. Chini ya mfuniko mimi naweka jani la mgomba nililolipitisha motoni likalainika, lile lile la kufungia matooke, ndizi za kupika, linabana mvuke na linaacha harufu tamu. Watu wengi wanaweka kaveera, mfuko wa plastiki, tafadhali acheni, ile plastiki inapata moto juu ya chakula cha watoto wenu.

Dakika 15 usifunue. Najua mkono unawasha lakini kilichobaki kuivisha wali ni mvuke, sio maji, na ukifunua unauachia uende zake. Tumia sikio: mwanzoni utasikia chwiii ya maji, baadaye inakuwa mikwaruzo mikavu kama majani makavu, hiyo ndo dalili maji yameisha. Halafu huku kwetu maji hayapati moto kama ya pwani. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, Kabale ambayo iko karibu mita 2,000 ni kama 93. Kwa hiyo ukifuata dakika za mtu wa Mombasa wali wako utabaki na kiini, wa Kabale ongeza dakika tano hivi hapo kwenye mvuke.

Epua, lakini bado usifunue, dakika 10 tena. Punje ikiwa moto sana ni laini inavunjika, ikitulia inakaza.

Ukionja ukakuta ina kiini na chini kumekauka, nyunyizia maji ya moto vijiko vitatu, funika, rudisha kwenye jivu la moto. Ukikuta una majimaji, toa jani, weka kitambaa safi kikavu chini ya mfuniko, kinyonye huo mvuke, moto mdogo dakika tano.

Kuchambua tumia uma, anzia pembeni ya sufuria ukiinua kwenda juu, usikandamize. Ukoko uache chini usiuchanganye na wali, hapa kwangu una wenyewe, wameshasimama mlangoni na sahani.