Ukipenda msichana wa Minangkabau usianze na ng'ombe

Sasa kama uko hapa Kisumu ama Kakamega na roho yako imeanguka kwa msichana wa Minangkabau, wale watu wa Sumatra Magharibi kule Indonesia, sahau kwanza hesabu ya ayie, ile pesa Wajaluo hutoa kwa mama wa msichana. Kwao ukoo ni wa mama, watoto wanafuata suku, yaani ukoo, ya mama yao, shamba za ukoo na ile nyumba kubwa ya rumah gadang zinarithiwa na wanawake, na sehemu nyingi ni watu wa msichana ndio wanakuja kuposa kijana. Ndio, wewe ndio unaposwa, kwa hivyo tulia.

Ya kwanza, ulizia suku. Watu wa suku moja hawaoani, na mgeni kama wewe unaweza kupokewa kwa suku kupitia desturi ya malakok, lakini chunga isiwe suku ya msichana mwenyewe maana hapo mshakuwa ndugu. Halafu ni Waislamu, hiyo ya dini ongeeni mapema bana.

Mtu wa kuheshimu sana ni mamak, mjomba wake kwa mama. Sisi huku mjomba wengine humkumbuka tu mahari ikigawanywa, kule bila yeye hakuna kikao.

Wataanza na maresek, mtu, mara nyingi mama wa makamo, anatumwa kupima kama upande wenu mko tayari, na mpikieni vizuri juu anaangalia kila kitu. Mambo ikikaa sawa wanakuja sasa kuposa na carano, chombo cha shaba chenye tambuu, popoo na chokaa, na hapo wazee wataongea kwa mafumbo mpaka mkae kitako haswa. Usiingilie, msemaji wenu ndio ajibu. Mkikubaliana mnabadilishana tando, vitu vya thamani vya familia kama jambia la keris, kitambaa ama pete, ambazo zinarudishwa tu baada ya harusi, kwa hivyo msilete kitu ya kuazima.

Pariaman, sehemu ya pwani huko huko Sumatra Magharibi, kuna desturi ya bajapuik, upande wa msichana wanamtolea bwana harusi pesa. Usijipigie bei kama hujaulizwa, na mahari ya dini bado unatoa wewe.

Siku ya harusi wanakuja kukuchukua, na kwa desturi unahamia kwao. Mama yako mwambie hiyo mapema, kabla hajasikia kwa majirani.