Kabla baridi ya Delhi haijakukuta: mambo ya kuzingatia ukitaka kufuata Ayurveda

Kaskazini mwa India baridi huanza kuuma katikati ya Novemba. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huigawa mara mbili: Hemanta, hadi katikati ya Januari, kisha Shishira, hadi katikati ya Machi. Aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda kusoma Delhi, au kumuuguza ndugu yake huko, hukuta usiku wa nyuzi 7 ndani ya nyumba iliyojengwa kwa kupambana na joto: sakafu ya mawe, madirisha yasiyofunga vizuri. Jiandae Oktoba, usingoje kifua kianze kubana.

Nguo kwanza. Soksi nzito, kofia ya kufunika masikio, shali. Hapo hakuna mjadala.

Chakula. Ayurveda inafundisha kwamba baridi huufungia joto ndani ya mwili, kwa hiyo agni, yaani moto wa kusaga chakula, huwa mkali kuliko msimu mwingine wowote. Moto huo unataka kuni. Kula vyakula vizito, vya moto, vyenye mafuta: chapati za uwele na samli, dengu, mboga za majani ya haradali, ufuta uliochanganywa na sukari guru, ambao Wahindi huugawa kila nyumba sikukuu ya Makar Sankranti, katikati ya Januari. Acha maji ya friji, viporo, na kulala mchana. Huu si msimu wa kufunga ili upungue uzito. Mwenye kisukari asidanganyike na sifa za sukari guru, ni sukari. Chyawanprash nayo, ile dawa nzito kama jemu inayotengenezwa kwa tunda la amla, ina sukari nyingi.

Maziwa ya manjano: kikombe kimoja, nusu kijiko cha chai cha manjano, pilipili manga kidogo na samli kidogo. Chemsha kwa moto mdogo dakika 5. Asali itie maziwa yakishapoa kiasi cha kunyweka, maana Ayurveda inakataza asali iliyopashwa moto. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimpe asali kabisa. Manjano yanayong'aa kupita kiasi yaogope: wako wafanyabiashara wanaoyapaka rangi yenye madini ya risasi.

Kusukutua pua kwa neti, kile kibirika chenye mdomo mrefu: maji ya bomba usiyatumie jinsi yalivyo. Yachemshe, yatokote dakika 1 nzima. Ukiwa milimani kama Shimla, juu ya mita 2,000, dakika 3. Yaache yawe vuguvugu. Kwa nusu lita tia chumvi isiyo na madini joto, robo tatu ya kijiko cha chai. Ikipungua au ikizidi, pua itawaka. Kuna kimelea cha majini ambacho ukikinywa hakikudhuru, lakini kikiingia kwa puani hupanda hadi kwenye ubongo. Mwaka 2011 kiliua watu wawili huko Louisiana, Marekani, waliotumia maji ya bomba kwenye neti.

Sasa kujipaka mafuta, abhyanga, ndiyo nguzo ya msimu mzima. Tafuta mafuta ya ufuta mbichi, yenye rangi ya dhahabu hafifu. Yale meusi ya ufuta uliokaangwa ni ya kupikia. Mililita 50 zinatosha mwili mzima. Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, usiitie motoni. Anza kichwani, masikioni na nyayoni, kisha mikono na miguu kwa mapito marefu, na kwenye viungo zungusha. Dakika 15, kisha oga maji ya vuguvugu na ujisugue kwa unga wa dengu ili mafuta ya ziada yatoke. Ukiwa na homa, umetoka kula, au tumbo limevurugika, acha. Angalia nyayo zako kwenye marumaru. Taulo lililolowa mafuta usilikaushe kwa mashine ukalikunja lingali la moto. Joto hujilimbikiza ndani yake na linaweza kushika moto lenyewe.

Na hapa ndipo watu wanapokufa. Abhyanga inataka chumba chenye joto, na chumba hakina hita. Basi jiko la mkaa, Wahindi huliita angithi, linawashwa barazani. Moshi unafuka, unapungua, unaisha. Mkaa umeiva, mwekundu, na majivu meupe juu. Mtu anasema sasa ni salama, analiingiza ndani, anafunga mlango, anaziba upenyo wa chini kwa kanga ili upepo usipite. Anajipaka, anaoga, anarudi kitandani, chumba kitamu. Moshi kweli umeisha, lakini hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ndiyo kwanza inatoka, haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, viungo vinalegea. Anadhani ni mafua, anajifunika zaidi. Akilala, haamki. Kila majira ya baridi familia nzima hukutwa hivi, na wa Njombe na Limuru wanaijua habari hii vizuri. Jiko la mkaa halilali chumbani, hata kwa dirisha lililo wazi kidogo. Nunua hita ya umeme, au jipake mchana juani. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje, mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Dawa za dukani. Zipo za majani na mizizi, na zipo zinazotengenezwa kwa madini yaliyounguzwa, bhasma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Kiayurveda zilizouzwa maduka ya Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Usinunue unga usio na lebo, wala usimbebee mtu nyumbani. Ashwagandha, mzizi unaouzwa kama dawa ya kutia nguvu, si ya mjamzito, wala ya mwenye ugonjwa wa ini au anayetumia dawa za tezi ya shingo. Mulethi, ule mzizi mtamu wa kikohozi, ukitumiwa kila siku hupandisha shinikizo la damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kumeza vidonge vya manjano.

Dawa za hospitali usizisimamishe kwa sababu umeanza hizi. Asubuhi ya ukungu mzito wenye moshi, mazoezi yafanyie ndani. Kikohozi kikipita wiki tatu, au pumzi ikikata, au ukitema damu, weka tangawizi pembeni uende hospitali siku hiyo hiyo.