Regulata ya Mabomba Mawili: Kutoka Kabatini Hadi Majini Tena

Regulata kongwe ya kupigia mbizi, yaani kifaa kinachopunguza presha ya hewa ya mtungi ili mpiga mbizi aweze kuivuta, ikifika mezani kwangu, siifungui siku hiyo. Naiweka juu ya taulo, naipiga picha kila upande, kisha naandika daftarini: namba iliyogongwa kwenye lebo, klipu zinazoshika kopo ni ngapi, skrubu ipi imelika kichwa. Nimeona papara ikiharibu vifaa vilivyokuwa vimestahimili miaka mingi ya maji ya chumvi.

Ninazungumzia zile za mabomba mawili: kopo la duara linalokaa mgongoni, na mabomba mawili ya mpira yenye mikunjo yanayopita juu ya mabega hadi mdomoni. Bomba la kulia linaleta hewa, la kushoto linarudisha pumzi. Asili yake ni kifaa cha mpiga mbizi Mfaransa Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan. Walipokijaribu katika mto Marne, Ufaransa, mnamo 1943, hewa ilibubujika ovyo Cousteau akiwa wima, na akigeuka kichwa chini ilikuwa ngumu kuvuta. Pumzi ilikuwa inatokea kwenye kina tofauti na pale hewa ilipoingilia. Gagnan alitatua tatizo hilo kwa kuweka tundu la kutolea pumzi palepale jirani na kiwambo, yaani ule mpira mpana unaohisi presha ya maji. Ndiyo sababu bomba la pumzi linarudi hadi mgongoni badala ya kuishia shavuni. Elewa jambo hilo moja, na kila kipande utakachokikuta ndani ya kopo kitajieleza chenyewe.

Kwa anayeanza, nashauri DA Aqua-Master ya U.S. Divers, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Ina hatua mbili za kupunguza presha, ni imara, na vipande vyake vya mpira bado vinatengenezwa upya kwa silikoni na mafundi wadogo wanaozipenda. Mistral, nayo ya mabomba mawili, ina hatua moja tu na vipande vichache, kwa hiyo ni darasa zuri pia. Ukikutana na Porpoise, ile ya bomba moja ambayo Ted Eldred aliitoa Melbourne mwaka 1952, itunze ilivyo na usijifunzie ufundi juu yake.

Kabla ya kuinunua, tazama chujio, kile kidude cha chembe za shaba zilizoshikana pale hewa inapoingilia kutoka kwenye mtungi. Rangi yake inatoa ushahidi. Kijani ni maji ya chumvi yaliyoingia. Wekundu wa kutu umetoka ndani ya mtungi wa chuma. Weusi ni mafuta au masizi ya kompresa. Kijani hakinitishi sana kikiwa juujuu, lakini chujio lililojaa kijani tupu lina maana kwamba huenda maji yalifika hadi kwenye siti za vali, yaani pale vali inapokalia ili kuziba hewa, na hapo napunguza bei ninayoitaja. Kisha nakagua yoki, ule mkono wa chuma unaobana vali ya mtungi. Yoki iliyopinda au yenye ufa haitengenezeki. Mengine yote ni kazi ya subira.

Kufungua kunahitaji zana zinazolingana na kazi. Bisibisi iwe na upana kamili wa mfereji wa skrubu. Spana ya pini, ile yenye vijino vinavyoingia kwenye matundu ya ringi, ipatikane kabla hujaanza, wala usijaribu kuzungusha ringi ya shaba kwa koleo, maana alama za meno hazifutiki. Oringi, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji, zing'oe kwa kijiti cha mbao au plastiki, kamwe si kwa sindano ya chuma: mkwaruzo mmoja kwenye mfereji wa oringi utavuja daima. Skrubu ikikataa, itie mafuta mepesi ya kulegeza kutu, ingoje hadi kesho, na kesho kutwa ikibidi. Mafuta hayo yaoshwe yote kabla ya kuunga upya.

Usafi ndio sehemu niliyojifunza kwa maumivu. Shaba yenye kromu naisafisha kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa dakika chache tu, nikiitoa na kuisugua kwa mswaki laini, kisha naisuuza kwa maji safi mengi. Miaka ya mwanzo niliisahau yoki humo usiku kucha. Asubuhi kromu ilikuwa imebanduka kandokando ya pale ilipokuwa tayari imechubuka, na shaba chini yake imegeuka waridi. Rangi hiyo ya waridi ni dalili kwamba asidi imekula zinki iliyomo ndani ya shaba, na zinki hairudi. Tangu siku hiyo natumia saa yenye kengele. Vipande vya alumini sivitii kwenye siki kabisa.

Kung'arisha ni suala jingine, na hapa nina msimamo. Aqua-Master yangu ya kwanza nilipewa na mjane wa mpiga mbizi. Alinionyesha kibonyeo kwenye ukingo wa kopo, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo alipogonga ngazi ya mashua siku ya kwanza kuivaa. Usipanyooshe." Nikamjibu, "Sitapanyoosha, mama." Kibonyeo kipo hadi leo. Naondoa kutu kwa sababu kutu inakula, lakini mikwaruzo naiacha, lebo iliyofifia naiacha, na sipeleki kitu kupakwa kromu mpya. Kopo linalong'aa kama kioo limefutiwa maisha yake.

Mpira hauna huruma hiyo. Kila mpira wa zamani unatoka: kiwambo, oringi, mabomba, na ile vali bapa ya kutolea pumzi inayoitwa mdomo wa bata. Hata ukionekana mzima, ukunje na uuvute chini ya taa kali, utaona nyufa nyembamba zikifunguka. Mabomba ya kale pia hupukutisha vumbi jeusi, na vumbi hilo linaishia mapafuni. Yale ya asili nayahifadhi kwenye mfuko kwa ajili ya maonyesho tu. Siti ya presha kubwa nayo naibadilisha ikiwa na alama ya duara iliyozama. Grisi ya silikoni ipakwe kidogo mno, oringi ing'ae tu, isiogelee. Kwa hewa ya kawaida inatosha. Mchanganyiko wenye oksijeni nyingi usiupitishe humo.

Wakati wa kuunga, moyo wa kazi ni urefu wa wenzo, kile kijiko kinachoguswa na kiwambo. Ukikaa juu mno, hewa itavuma mara tu ukifunga klipu. Ukikaa chini mno, utavuta sana kabla vali haijafunguka. Mimi natafuta mahali ambapo unakigusa kiwambo bila kukisukuma.

Jaribio la kwanza halihitaji mtungi. Ziba mahali hewa inapoingilia, weka mdomo, vuta. Isiingie hata pumzi moja. Ikiingia, kuna tundu kwenye kiwambo, au mdomo wa bata haujakaa, au kibanio cha bomba kimelegea. La pili ni presha ya kati, yaani ile iliyopo kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Regulata za bomba moja zina tundu la geji, yaani kipima presha; DA haina, kwa hiyo tafuta adapta. Sindano ya geji ipande, isimame, itulie. Ikiendelea kupanda polepole, siti inavuja na kazi haijaisha. La tatu ni mrija angavu uliopindwa kama herufi U, wenye maji na rula pembeni: vali ikifunguka kwa mvuto wa sentimita tatu hivi, naridhika.

Majini, nenda tu ukiwa umefundishwa kupiga mbizi, na mwenzako awe nawe. Fungua mtungi taratibu. DA haina tundu la regulata ya akiba wala la geji ya mtungi, basi beba mtungi mdogo wenye regulata yake. Shusha mtungi mkubwa mgongoni ili kopo likae kati ya mabega, karibu na mapafu, la sivyo utavuta kwa taabu ukiogelea kifudifudi. Mabomba yakijaa maji, lalia ubavu wa kushoto na upulize: maji yatatafuta bomba la pumzi. Anza kwenye kina cha kusimama.

Kisha utasikia tofauti. Viputo vinapandia nyuma ya kisogo, uso unabaki kimya, na samaki hawakimbii.

Ukitoka, suuza kwa maji baridi kifuniko kikiwa mahali pake. Mimi huitundika kwa kopo kivulini, mabomba yakielekea chini, hadi tone la mwisho litoke.