Namna ya kuingiza kaya kwenye mpango wa TASAF: mwongozo kwa wakazi wa Moshi

Anayekwenda ofisi ya kata akitarajia kukabidhiwa fomu ya kuomba chakula hurudi mikono mitupu, kwa sababu fomu ya namna hiyo haipo. Mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hutolewa kunapotokea ukame, mafuriko au janga jingine, na mgawo wake hupitia kamati za maafa. Kaya ambayo mlo wake ni wa kubahatisha mwaka mzima hutegemea Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012 chini ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao hutoa ruzuku ya fedha badala ya unga.

Kaya huingia kwenye mpango kupitia mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, na si kwa maombi ya mtu mmoja mmoja. Wananchi ndio wanaotaja kaya zenye hali duni, na orodha husomwa mbele yao ili wakubali au wapinge. Utambuzi huu haufanyiki kila mwezi. Kwa hiyo mwone mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wako, uwe katika kata ya Pasua, Njoro au Majengo, uwaeleze hali ya kaya yako na uulize zoezi linalofuata limepangwa lini. Siku ya mkutano, hudhuria mwenyewe. Mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea amwombe jirani anayemfahamu vizuri amsemee, kwa kuwa jina lisilotajwa na mtu haliandikwi. Najua kwetu Uchagani wapo wanaoona aibu kutajwa hadharani kuwa ni maskini. Lakini aibu hiyo imewaacha nje wengi waliostahili.

Baada ya mkutano huja dodoso, na hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Mwezeshaji wa TASAF hufika nyumbani na kishikwambi, akaamkia, akaketi uani na kuuliza idadi ya wanakaya na umri wao, kuta na paa la nyumba, aina ya choo, nishati ya kupikia, mifugo na vyombo vilivyomo ndani. Majibu hayo huchakatwa na mfumo, nao ndio hupima iwapo kaya imefikia kiwango. Bibi anayeishi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, katika nyumba ya matofali iliyojengwa na mwanawe aliye Dar es Salaam, ambaye hata hivyo hatumi chochote, aseme wazi kuwa nyumba ni ya mwanawe na kwamba yeye hana kipato. Wajukuu anaowalea watajwe wote, hata kama siku hiyo wako shuleni. Kuficha mbuzi kwa jirani si busara, kwani orodha hurudishwa mkutanoni kuthibitishwa, na mbuzi wa mtaani wana mashahidi wengi.

Andaa mapema namba ya kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na, kwa wenye wachanga, kadi za kliniki. Kama ruzuku italipwa kwa simu, hakikisha laini imesajiliwa kwa jina la mlengwa na kwamba jina hilo limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye orodha. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu huleta usumbufu mrefu wakati wa malipo, ambayo kwa utaratibu wa mpango hufanyika kila baada ya miezi miwili.

Kaya yenye watoto hupewa masharti: walio chini ya miaka mitano wapelekwe kliniki, na wanafunzi wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Yenye mtu mwenye nguvu za kufanya kazi yaweza pia kuitwa kwenye ajira za muda, kama vile kuchimba mifereji au kukarabati barabara za mtaa.

Iwapo jina limeachwa au limekatwa bila maelezo, anza na kamati ya usimamizi ya jamii iliyochaguliwa na wananchi wenyewe, kisha mtendaji, kisha mratibu wa TASAF katika Halmashauri ya Manispaa, au ya Wilaya kwa walio vijijini. Andika barua fupi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna hatua yoyote kati ya hizi inayolipiwa. Anayedai hela ya soda ili aliweke jina lako aripotiwe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo kuipiga ni bure.