Hati ya talaka Texas: usianzie Austin

Ukiwa Texas na unataka kumwombea mwenzi mpya karatasi za uhamiaji, utaombwa uthibitisho kwamba ndoa ya kwanza ilivunjwa. Wengi huandikia idara ya afya ya jimbo, Austin. Huko utapewa barua tu inayosema talaka ilisajiliwa, tena kwa talaka za kuanzia 1968. Barua hiyo si nakala ya hukumu ya mahakama iliyovunja ndoa.

Hukumu yenyewe iko kwenye kaunti kesi ilikofunguliwa, ambayo huenda siyo mlikofungia ndoa. Sheria ya jimbo inataka mmoja wa wanandoa awe ameishi kwenye kaunti hiyo siku 90 kabla ya kufungua kesi, kwa hiyo jiulize nani alikuwa akiishi wapi wakati ule. Jiji lisikuchanganye: Houston sehemu kubwa iko kaunti ya Harris, lakini kuna mitaa iliyoingia kaunti ya Fort Bend.

Nenda kwa District Clerk, karani anayetunza kumbukumbu za kesi za mahakama. County Clerk, yaani karani wa kaunti, anashughulika na vyeti vya ndoa, atakurudisha tu.

Kama huna namba ya kesi, tafuta kwa majina ya wote wawili, na mwaka hata wa kukisia. Majina yetu huko huandikwa kila namna. La ukoo hugeuzwa la kwanza, herufi hudondoka. Jaribu yote. Ukiipata, omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama, ya hukumu nzima. Uliza ada kabla ya kutuma pesa, maana hutozwa kwa kurasa.