Namna ya Kugeuza Mafaili ya DVD Yaliyohifadhiwa Kwenye Diski Kuu

Aliyewahi kunakili DVD zake kwenye diski kuu huenda amebaki na folda iitwayo VIDEO_TS, ambayo ndani yake mna mafaili yenye majina kama VTS_01_0.IFO, VTS_01_1.VOB na VTS_01_2.VOB. Simu nyingi haziwezi kuyacheza, na hapo ndipo haja ya kuyageuza inapozuka.

Kabla ya kugusa chochote, ni muhimu kufahamu kila faili lina kazi gani. Faili la VOB hubeba picha iliyobanwa kwa MPEG-2 (njia ya kubana video inayotumika kwenye DVD), sauti na manukuu, yaani maneno yanayoonekana chini ya picha, vyote pamoja. Faili la IFO ni ramani inayokieleza kifaa wapi video inaanzia, inafuata kipande kipi na sura zake zimegawanywaje, ilhali faili la BUP ni nakala tu ya ramani hiyo. Kwa kuwa faili moja la VOB haliruhusiwi kuzidi GB 1, video ndefu hukatwa vipande vinne, vitano au zaidi, na mkato huo hufuata ukubwa wa faili bila kujali kinachoendelea kwenye picha.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kugeuza video ya harusi ya dada yangu kwa kushughulikia VOB moja moja. Kipande cha pili kiliishia pale bibi harusi anapoulizwa kama amekubali, na jibu lake likaangukia mwanzoni mwa faili jingine. Ilinibidi kuanza upya. Kwa hiyo usigeuze VOB moja moja. Ipe programu folda nzima.

Programu ninayoipendekeza ni HandBrake, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Anza kwa kuweka nakala rudufu ya folda kwenye diski nyingine, na usibadilishe jina la faili lolote. Kisha fungua HandBrake, uchague folda ya VIDEO_TS yenyewe, nayo itasoma ramani na kukuonyesha orodha ya video zilizomo. Aghalabu iliyo ndefu kuliko zote ndiyo unayoitafuta. Ikiwa DVD ilinakiliwa ikiwa bado na kinga ya kuzuia unakili, HandBrake haitaiondoa kinga hiyo, na sheria za kuiondoa hutofautiana baina ya nchi na nchi, hivyo zifahamu za kwenu kwanza.

Kwa matumizi ya kawaida, chagua faili la aina ya MP4 lenye kodeki, yaani njia ya kubana video, ya H.264, na uweke kipimo cha ubora, yaani RF, kati ya 18 na 22. Namba ikipungua, ubora hupanda na faili hukua. Usikubali kishawishi cha kuikuza picha hadi 1080, kwa maana DVD ina nukta 720 kwa 576 katika mfumo wa televisheni wa PAL, au 720 kwa 480 katika mfumo wa NTSC, na ukuzaji hauongezi chochote ambacho hakikuwemo.

Jambo linaloharibu kazi za wengi ni mistari. Video nyingi za DVD, hasa zilizopigwa kwa kamera za zamani, huunda kila fremu kwa nusu mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti kidogo. Simamisha picha mahali ambapo mtu anapunga mkono: ukiona kingo za mkono zimechongoka kama meno ya chanuo, washa kichujio cha Decomb au Deinterlace. Usipoyaona, kiache, maana huweza kufifisha picha bila sababu.

Manukuu ya DVD ni picha, si maandishi, na vifaa vingi haviyaonyeshi yakiwa ndani ya MP4. Basi ama uyachome juu ya video moja kwa moja, ama utumie MKV, aina nyingine ya faili la video, ambayo huyabeba vizuri.

Geuza dakika mbili za majaribio kwanza, ukichagua sehemu yenye mwendo mwingi, uzitazame kwenye kifaa kitakachotumika. Zikikuridhisha, geuza video yote.

Ikiwa lengo ni kuhifadhi kumbukumbu za miaka mingi, ningeshauri programu ya MakeMKV badala ya HandBrake. Hiyo hukusanya vipande vyote ndani ya faili moja la MKV bila kuibana picha upya, kwa hiyo ubora haupungui hata chembe, ingawa faili hubaki kubwa karibu sawa na asili. Kubana upya hupoteza kitu kisichorudi.

Mafaili ya IFO yakiwa yamepotea, FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, huweza kuunganisha VOB kwa amri kama hii:

ffmpeg -i "concat:VTS_01_1.VOB|VTS_01_2.VOB" -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac harusi.mp4

Orodhesha vipande vyote kwa mfuatano wa namba, ukiacha VTS_01_0.VOB, ambalo ni la menyu.

Mwishowe, tazama faili jipya hadi mwisho, ukisikiliza hasa kwenye maungio ya vipande, ambapo sauti huweza kutengana na midomo. Ndipo ufikirie kufuta folda ya awali.