Somo: Kuipima umri postikadi ya "Mwanamke Mpanda Farasi" ya Bryullov

Ndugu wanachama, wengi wanaoanza kukusanya huandika mwaka wa mchoro wakidhani ndio mwaka wa kadi. Karl Bryullov, mchoraji Mrusi, aliuchora mchoro huu akiwa Italia mwaka 1832. Postikadi ya kwanza ilitolewa Austria tarehe 1 Oktoba 1869. Basi muuzaji akikuapia kwamba kadi ni ya 1832, mrudishie.

Hatua ya 1. Geuza kadi. Najua yule farasi mweusi anavuta macho, lakini umri uko nyuma. Kwa kadi za Urusi, kabla ya 1904 upande huo ulikuwa wa anwani tu, na salamu ziliandikwa kandokando ya picha. Baadaye ukagawanywa: ujumbe kushoto, anwani kulia. Wino uliopita juu ya gauni la mpanda farasi usikuudhi. Mara nyingi ndio ushahidi wako bora.

Hatua ya 2. Tazama jina la mchoraji. Likiandikwa Брюлловъ, na ile ъ mwishoni, ni tahajia ya kabla ya mageuzi ya 1918. Likiandikwa Брюллов bila ъ, hiyo ni ya baadaye.

Hatua ya 3. Chukua kioo cha kukuzia mara 10. Vitone vilivyojipanga kwa safu ni vya bamba la vitone, yaani njia ya kuchapa picha kwa nukta ndogo. Chembe laini zilizojikunjakunja bila mpangilio ni za kolotaipu, njia ya zamani ya kuchapa picha kwa bamba lenye gelatini, na hizo mimi nazipenda kuliko zote kwa jinsi zinavyotunza vivuli.

Hatua ya 4. Zima taa, mulika kwa miale ya urujuanimno (UV). Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe, ina dawa ya kung'arisha iliyoenea tangu miaka ya 1950. Hiyo ni nakala ya baadaye.

Hatua ya 5. Andika kumbukumbu: aliye juu ya farasi ni Giovannina Pacini, mtoto aliye barazani ni Amazilia, wote walelewa wa Kontesi Yuliya Samoylova. Mchoro wenyewe una kimo cha karibu mita 3, na ukosi wa mbwa una jina la Samoylova. Kwenye kadi ya sentimita 9 kwa 14, jina hilo hupotea.

MASWALI

Mwalimu, maelezo ya kadi yangu yanasema aliye juu ya farasi ni Samoylova mwenyewe. Ni bandia?

Hapana, dada. Kwa muda mrefu watu waliamini hivyo, hata baada ya Pavel Tretyakov kuununua mchoro mwaka 1893 kwa ajili ya jumba la sanaa alilolianzisha Moscow. Yaandike maelezo kama yalivyo, kisha ongeza majina sahihi.

Nyuma kuna penseli ya muuzaji. Nifute?

Acha. Kifutio huchubua karatasi, na alama yake haiondoki.

Stempu imebanduliwa. Nitajuaje tarehe?

Tafuta nusu ya muhuri iliyobaki kwenye karatasi. Ila kumbuka, kaka, Urusi ilifuata kalenda ya Juliasi hadi 1918, nyuma kwa siku 13 katika karne ya 20. Muhuri wa 5 Mei 1910 kwetu ni 18 Mei. Andika tarehe zote mbili.